Ombi la Kuzuia Insha ya Mjukuu Wangu Isisomwe Ijumaa

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Sandy Fork, Nebraska.

Mheshimiwa Bi. Hruska,

Daktari anasema mahindi ya mwaka huu yatavunwa bila mimi, kwa hiyo nakiri mapema jambo nililolificha miaka kumi na tisa. Bodi ilipogawanyika tatu kwa tatu kuhusu masomo ya kuwakinga watoto na dawa za kulevya, kura ya saba ilikuwa yangu, nikaunga mkono. Mji ukanisifu kwa busara. Kumbe nilitaka tu kikao kiishe: nilikuwa na njaa, na nyumbani nyama ilikuwa kwenye jiko.

Sasa naishi kwa binti yangu, na mjukuu wangu Maren yuko darasa la tano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kahawa. Afande Pavelka, anayefundisha kila Jumanne akiwa na mbwa wake wa kunusa dawa za kulevya, aliwaambia watoto kwamba hata kahawa ina kilevi chake. Maren akamwaga birika zima. Nilipofoka, akanipapasa bega: "Pole, Babu. Hasira ni dalili. Itapita tu." Bi. Hruska, sisi Walutheri bila kahawa hata maziko hayafanyiki, na yangu yako karibu.

2. Njia nane za kukataa. Hakuna mtoto wa Sandy Fork niliyesikia amepewa bangi, ila wote hupewa vyombo waoshe. Mama yake alipomwita, Maren alijibu, "Hapana, asante," mara sita mfululizo. Kisha akabadili mazungumzo: "Hivi kesho mvua itanyesha?" Kisha akaondoka zake, kama alivyofundishwa. Vyombo niliosha mimi.

3. Fulana ya masomo hayo. Ameniletea ya saizi yangu. Nimeivaa ninapoandika.

4. Insha. Mnajua desturi: masomo yakiisha, kila mtoto huandika insha, na iliyo bora husomwa ukumbini mbele ya wazazi. Imeshinda ya Maren. Inaitwa "Babu na Vidonge Vyake." Anaeleza kwamba chupa ya mwezi mmoja naimaliza kwa siku kumi na mbili, kisha nasinzia mezani mdomo wazi. Nilimwambia, "Hivyo ni vya maumivu ya mgongo, bibie." Akanijibu, "Mgongo gani, Babu? Mbona viatu unafunga mwenyewe, tena unaimba?" Nimefundisha Kilatini miaka arobaini, sijawahi kuhojiwa hivyo.

Tufuate mantiki. Mtoto akifundishwa kuona, ataona. Akiona, atasema. Akisema, hakuna mzee wilaya hii atakayezikwa na heshima yake. Mimi nina wiki chache tu za kuitunza yangu. Hivyo naiomba Bodi iizuie insha ile, ifute masomo, au angalau iyatoe kwa watoto wasio na babu.

Nisalimie mumeo, wanakwaya wote, mpishi wa shule, na Afande Pavelka. Hasa mbwa wake, ambaye hunipita barabarani kila siku na hajanisema.

Nabaki wenu kwa pumzi zilizosalia,
Orville Stenquist

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikamsihi Maren aandike habari za samaki wake badala ya habari zangu. Akalia. "Babu, mimi sitaki ufe. Ndiyo maana nimeandika. Ungenisikiliza kama ningekwambia tu?"

Basi puuzeni yote ya juu. Asome Ijumaa, nami nipewe kiti cha mbele. Ila kuna mahali amekosea, na si kosa lake, hakuwa amezaliwa. Ameandika kwamba nilianza vidonge kwa huzuni, baada ya bibi yake kufa. Nilianza kabla. Vilikuwa vya bibi yake, Ingrid, saratani ilipomfika mifupani. Kila jioni nilimpa kimoja, nikamwambia ndivyo daktari alivyoagiza. Daktari aliagiza viwili.