Watu Elfu Thelathini na Utepe Mmoja

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye barua yako ya kusema hutakuja tumeipokea kwa furaha, Bwana Chifu pamoja na kofia yako, Pasta, wazee wa vijiji, Mama Benta mkunga wetu, Mwalimu Dalmas unayeniandikia mkono wangu ukichoka, Bwana Waweru mwenye duka, akina mama na akina baba, na zaidi ya wote mimi mwenyewe, Mzee Zadock Okwach, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati Ndogo ya Idadi ya Watu na Projeksheni, hamjambo. (Hatujambo.) Nimesema hamjambo. (Hatujambo, lakini wachache.)

Tumekusanyika mbele ya utepe huu mwekundu kufungua dispensari yetu yenye chumba cha kuzalia, ili mama zetu waache kukimbizana na feri ya kuvuka ziwa kwenda hospitali, kule Luanda Kotieno, wakiwa na uchungu. Lakini kabla sijakata lazima niwaeleze data, kwa sababu maendeleo bila data ni kelele tu, na data ya lokesheni hii ya Bwana Chifu ni mimi. Wengine wanasema sikusoma. Nilisoma darasa la kwanza, na la pili nikalirudia mara tatu, kwa hivyo jumla ni darasa la tano. (Kicheko. Mwalimu Dalmas anaangalia viatu vyake.)

Baada ya sensa ya mwaka jana, themanini na tisa, ofisi ya mjini ilituandikia kwamba lokesheni itakayofikisha watu elfu tano kufikia mwaka wa elfu mbili itapewa dispensari, tupeleke makadirio, yaani projeksheni. Sensa ilikuwa imetupa watu elfu tatu na mia tisa. Nikamwita mtaalamu wa dimografia, yaani elimu ya kuhesabu watu, kijana Masinde kutoka chuo cha Maseno, akakaa kwangu siku mbili, akala jogoo wangu, akabonyeza kalkuleta. Akaniambia hesabu ni hivi: unachukua watu waliopo, unaongeza watakaozaliwa, unatoa watakaokufa, unaongeza wanaohamia, unatoa wanaohama. Akapata elfu tano na mia nne, akafunga daftari, akasema, “Mzee, inatosha.”

Sasa mimi nikamwuliza kijana huyu, kutoa ni kutoa nani? Nilikubali kuongeza kote, kuongeza ni jambo la uzalendo, lakini kutoa nilikataa kabisa, na nikikataa mimi mnanijua. (Tunakujua.) Marehemu Ogola ana miaka tisa kaburini, lakini boma lile ni la nani? Ukimwuliza mjane wake anasema ni kwa Ogola. Unamtoaje mtu kwenye hesabu na boma lake bado linaitwa kwa jina lake? Na vijana wetu walio Nairobi na Mombasa, wale wana nyumba huko, nyumbani ni hapa, na hapa ndipo jeneza litakaporudi. Kwa hivyo nikabuni metodolojia yangu mwenyewe, ambayo hata Ulaya bado hawana: mtu ni wa pale atakapozikwa. (Makofi ya wazee.)

Kwa metodolojia hiyo nikahesabu waliokufa, waliohama, wajukuu wao, na wake ambao vijana hao watawaoa wakipata kazi nzuri. Bwana Waweru, mkewe aitwaye Wangu, na watoto wao wanne walipata sifuri, maana wao watazikwa kwao Murang'a. (Waweru: Mzee, miaka kumi na minne nakuuzia sukari.) Ni kweli, Bwana Waweru, na sukari imehesabiwa. Jumla, watu elfu thelathini na moja, mia nne na sita. Hao sita niliwaongeza ili ionekane tumehesabu kwa makini.

Ofisi ilishtuka. Mwalimu Dalmas alinisomea jibu mara mbili: kwa ukubwa wetu dispensari ni ndogo mno, ni kutudharau, kwa hivyo tumetolewa kwenye orodha ya dispensari na kupandishwa cheo hadi orodha ya hospitali kubwa, zamu yetu mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Dispensari imeenda kwa jirani zetu wenye watu elfu tano na kidogo. Nawaonea huruma.

(Mama Benta anasimama: Mzee, elfu tano na mia nne ingetosha.)

Mama Benta, keti kidogo. Najua unataka kusema habari ya Jumatatu. Wangu, mke wa Bwana Waweru, alishikwa na uchungu, feri ilikuwa imeshaondoka, na Bwana Waweru, kwa kuniamini na kuamini kibao cha dispensari nilichopaka rangi mwenyewe, akamleta hapa kwa mkokoteni akitafuta mlango. Mama huyo akazalia nyasini, mikononi mwa Benta, na damu ilikataa kukatika hadi jioni. Lakini yuko hai, na mtoto yuko hai, kwa hivyo kitakwimu huduma imeanza na mafanikio ni asilimia mia. (Hakuna anayepiga makofi.)

Projeksheni, juu! Kuongeza, juu! Kutoa, chini!

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bwana Waweru kwa utepe, aliokata kwenye kitambaa cha dukani kabla hajajua ni wa nini. Namshukuru Mama Benta kwa jembe, kwa sababu katika kiwanja hiki hakuna msingi, hakuna shimo la choo, hakuna aliyechimba kitu isipokuwa yeye, alipozika kondo la nyuma la mtoto wa Wangu.

(Benta: Basi mtoto huyo ni wa wapi, Mzee? Sehemu yake imezikwa hapa.)

Hm. (Anavua kofia.) Mwalimu Dalmas, andika mia nne na saba. Na mama yake pia andika, alikaribia kuzikwa hapa.

Asanteni. Sasa nakata, na mwenye ng'ombe huyo nyuma ya utepe amsogeze.