Makosa Arobaini na Moja ya Sayari ya Shaba

Jumatatu, 2 Juni

Daftari jipya! Kurasa mia. Leo nimeanza kuandika makosa yote ya Sayari ya Shaba, ile tamthilia ya wachimbaji wa angani inayotoka kila jioni saa kumi na mbili kwenye televisheni ya hapa Likasi. Magloire, aliyekuwa akipiga video za ndoa pale Kikula, siku hizi anajiita mtengeneza filamu. Asubuhi anapiga picha katika karakana tupu nyuma ya kiwanda cha shaba cha Shituru, jioni tunaangalia. Chombo chao cha angani ni friji mbili zilizolazwa. Na vishikio vyake! Kosa la 1. Kapteni ana hereni, anafungua mlango, hana hereni. Kosa la 2. Angani, mahali pasipo na hewa, mbuzi analia. Kosa la 3.

Kazi ya kuzuia aibu hizi ni ya Pitshou, skripti wao, anayekaa na daftari kuhakikisha shati la jana ndilo la leo. Pitshou! Mtu anayekwenda misa na soksi mbili tofauti! Kazi hiyo ni yangu. Nitampelekea Magloire makosa arobaini, atamfukuza Pitshou, ataniita mimi. Mpango hauna tundu.

Leo makosa kumi na moja. Kosa la 9 ni dogo: sayari haina watu, lakini nyuma kabisa, mlangoni, amesimama mzee mwenye kaske, ile kofia ngumu ya kazi, kichwani.

Jumanne, 3 Juni

Mzee yuko tena. Ametoka mlangoni, amesogea hatua chache.

Berthe, mke wangu, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa jioni. Mwiko ukamwanguka. Akasema, "Ule njo papa." Nikamwambia baba yake, Papa Casimir, tulimzika Februari, mimi mwenyewe nilibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma. Akanijibu, "Minye najua mwendo ya papa yangu." Hakulia. Alivuta kiti akakaa karibu na kioo cha televisheni. Bukari ikaungua, nimelala njaa.

Kweli, kaske ile ina alama nyekundu upande wa kushoto, pale Berthe alipopaka rangi ya kucha akiwa mtoto. Na namba 2216, matrikule ya mzee, namba yake ya kazi kiwandani Shituru. Lakini kaske hiyo imo ndani ya sanduku la vitu vya marehemu, hapa nyumbani, na sanduku limefungwa mpaka familia imalize kilio. Kitu kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili. Kosa la 17. Hili ni kosa nono.

Jumatano, 4 Juni

Sikungoja yafike arobaini, nimekwenda Shituru na daftari langu. Aibu tupu. Kuhusu friji, Magloire alisema hata watu wa angani wanakula nyama baridi. Kuhusu mbuzi, alisema ni mbuzi wa huko. Pitshou akacheka mpaka akakohoa.

Nikamtaja mzee wa mlangoni. Kicheko kikakatika. Magloire akasema, "Weye Barthélemy, pale hakukuwa muntu." Akanipeleka kuuona mlango wenyewe. Umezibwa kwa matofali, tangu zamani, majani yameota kwenye nyufa. Nikaugusa. Baridi ya ajabu, hata kwa mwezi wa Juni. Pitshou akadai nimetunga yote kwa wivu. Mimi, wivu! Kwa soksi zile! Bon. Nitaleta ushahidi.

Jioni mzee alikuwa katikati ya karakana. Wenzake wanaigiza, yeye anatembea tu, anatazama huku kwetu. Midomo inaanza kusogea. Berthe akasema baba yake anakuja kumwambia neno. Siku mzee alipokata roho, Berthe alikuwa Kambove anauza samaki wakavu, hakumwahi. Jambo hilo linamla mpaka leo. "Iko na mambo ya kuniambia," akasema. Amehesabu hatua: Ijumaa, kipindi cha mwisho, atafika mbele kabisa.

Mimi nimehesabu makosa. Ishirini na nane.

Alhamisi, 5 Juni

Berthe alipokwenda bombani, nilichukua ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge chake cha misa. Ndiyo, najua, sanduku la marehemu halifunguliwi kabla ya siku yake. Lakini ushahidi ni ushahidi!

Kaske imo. Nilipoingiza mkono, ndani ilikuwa na joto, kama imevuliwa sasa hivi. Juu yake vumbi la kijani la shaba, bado bichi. Karibu niiangushe. Nikaifunika kwa koti, nikaenda Shituru mbio mbio bila kumsalimu mtu.

Niliiweka mezani kwa Magloire, kando ya picha ya jana kwenye kompyuta. Alama ileile. Namba ileile. Magloire akafanya ishara ya msalaba mara tatu. Pitshou akasema anatoka kidogo, hakurudi tena.

Nikatoa dawa: tumkate. Kila picha ya kesho yenye mzee itolewe kabla kipindi hakijatoka. Magloire akakubali. Na kazi? nikauliza. Akasema chukua, chukua, lakini ondoa hiyo kaske hapa.

Mimi ni skripti! Kaske nimeirudisha, ufunguo nimeurudisha. Makosa thelathini na tisa. Limebaki moja.

Ijumaa, 6 Juni

Berthe alioga mapema, akavaa kitenge cha misa, akaweka kiti mbele ya kioo. Alisuka hata nywele.

Kipindi kilidumu dakika nane. Kapteni alipanda friji, akapaa, mwisho. Hakuna mzee. Berthe akaendelea kutazama, mpaka matangazo ya sabuni, mpaka habari. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, papa yake iko wapi. Nikamweleza kila kitu, kwa fahari, mpaka jinsi nilivyochagua mahali pa kukata. Nilidhani atapiga kelele. Alinyoosha mkono tu, akauweka juu ya kioo, akauacha hapo mpaka umeme ukakatika.

Imeniuma, naandika ukweli. Lakini hereni za kapteni hazikupotea hata mara moja.

Jumamosi, 7 Juni

Saa tatu asubuhi, jua limetoka, Berthe yuko bombani, foleni ndefu. Nimeingia sebuleni. Papa Casimir amekaa kwenye kiti cha Berthe, mbele ya televisheni iliyozimwa. Ana koti la kazi, vumbi la kijani magotini, kaske kichwani. Akanitazama, akafungua kinywa, akasema polepole, "Berthe, mutoto yangu, ile siku..."

Hapo ndipo nilipoona. Alama nyekundu iko upande wa kulia! Wiki nzima ilikuwa kushoto! Kosa la 40!

Je, mimi ni skripti au si skripti? Nikainua mkono. Nikamwomba kwa heshima zote anazostahili baba mkwe: papa, samahani, tutarudia, toka nje, geuza kaske, kisha uingie tena uanze upya. Akainuka, akatoka, akafunga mlango taratibu. Nimengoja na kalamu mkononi mpaka saa sita. Hajarudi.

Berthe alirudi na ndoo, akasimama mlangoni. Akauliza mbona nyumba inanuka kiwanda. Akaliona vumbi kwenye kiti chake. Ndoo ikamponyoka, maji yote chini. Akauliza kama papa yake alisema kitu. Nikamwambia hakuna kitu, alikuwa hajamaliza, bado tunarudia.

Sasa Berthe amekaa kwenye kiti kile, juu ya lile vumbi, anautazama mlango. Hasogei. Na kitenge chake, ambacho asubuhi kilikuwa cha bluu kitupu, kina kijani upande mzima. Mzee akiingia sasa hivi, picha haitafanana. Kosa la 41. Nimemwomba akabadilishe.