Daktari Kamande Apima Maiti

Kamande alikuwa na sikio la ngazi. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jengo moja la Barabara ya Mburu Gichua pale Nakuru mjini, na kwa mlio wa viatu tu angeweza kukwambia ni mteja wa namna gani anayepanda. Anayeburuta miguu hana kitu. Anayepanda mbio amekuja kudai chake, na huyo hukuta mlango umefungwa. Asubuhi hiyo alisikia visigino vya mwanamke vikija bila haraka, na nyuma yake mbeba mizigo akihema. Kamande akatema kijiti cha meno, akavaa koti lake jeupe.

Ndiyo, koti jeupe. Kamande alikuwa daktari. Si wa watu, tushukuru Mungu, bali wa laptop, na kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza vifo. Ukimpelekea mashine iliyogoma, ataigeuza, ataigonga mgongoni, ataitegea sikio, halafu atavua ile miwani yake ya kioo kitupu na kukupa pole. "Motherboard imeenda, mathe. Hapa tunazika." Kisha, kwa huruma zake, ataichukua maiti hiyo kwa bei ya chai na mandazi ili usipate taabu ya kuibeba tena hadi nyumbani.

Ukishafika barabarani, yeye huiwasha na kubonyeza F11. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Waliounda nyingi ya laptop hizi za zamani waliacha ndani ya diski sehemu iliyofichwa, wakaweka humo nakala ya kila kitu kama kilivyokuwa siku mashine inatoka kiwandani. Mwenye mashine haioni. Lakini ukibonyeza kitufe chenyewe wakati inawaka, inakuuliza kwa adabu kama ungependa kuirudisha ilivyokuwa. Kamande alipenda sana. Baada ya muda marehemu alifufuka, hana virusi, hana picha za harusi ya mtu, hamkumbuki hata mwenyewe, na alimsalimu mnunuzi mpya kwa unyenyekevu: karibu, chagua lugha. Kamande alimpangusa vumbi, akambandika nailoni kwenye kioo na kwenye kifuniko, akamwita mpya kutoka Dubai.

Nailoni ndiyo iliyouza. Watu wetu huamini nailoni kuliko risiti. Kuna nyumba kule Kiamunyi ambako kochi limezeeka na bado linawanata wageni mapajani, kwa sababu kuitoa nailoni ni kukiri kwamba kitu si kipya tena. Kamande mwenyewe alikuwa muumini. Pikipiki yake nyekundu, aliyoiita Malkia, ilikuwa na nailoni kwenye kiti, kwenye tangi na kwenye vioo vya pembeni, na jua likiwaka ilimchoma makalio njia nzima. Alivumilia. Aliipenda pikipiki ile kuliko alivyowahi kumpenda mtu, jambo ambalo wachumba wake wawili walilitaja waziwazi walipokuwa wakiondoka.

"Sasa, daktari," alisema mwenye visigino. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kuning'iniza kitambulisho cha kazi shingoni. Mbeba mizigo aliweka chini katoni mbili, akaenda zake. "Naitwa Jackie, nimetoka Naivasha. Kuna ofisi inafungwa, nikaambiwa nitoe hizi laptop zote. Ziko kumi na mbili, na zote zimekataa kazi. Kuna jamaa wa scrap huko Gilgil ako tayari kunipea pikipiki nikimwachia zote. Lakini nikasema wacha kwanza nione mtaalamu, isikuwe nauza kitu mzima."

"Umefanya poa sana, siste. Hao watu wa scrap ni wakora," alisema Kamande, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Alichungulia ndani ya katoni. Mashine zilikuwa safi, zinang'aa, na zilinukia sabuni. Harufu hiyo ilimfurahisha. Mtu anayeosha laptop kwa sabuni, alijiambia, ni mtu asiyejua laptop.

Akaitoa ya juu kabisa, akaiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe yakalalamika kwamba mfumo haupatikani. Kamande aliyajua malalamiko hayo kama jina lake.

"Washroom iko wapi?" Jackie akauliza.

"Chini, mwisho wa korido. Soja ndiye ako na key."

Visigino vilipofika chini, Kamande aliizima mashine, akaiwasha tena huku kidole kikiwa kwenye F11. Swali likatokea, tamu kuliko salamu za mpenzi: ungependa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani? Akaizima haraka. Kumi na mbili! Pale chini barabarani palikuwa na duka tupu lenye mlango wa kioo, na mwenye nyumba alikuwa amempa hadi mwisho wa wiki alilipie. Akiuza mashine hizi, duka ni lake, na nyuma ya mlango wa kioo hakuna mtu anayeitwa fundi. Huko watu huitwa dairekta.

Ila kulikuwa na huyo wa Gilgil. Tangu lini mtu wa vyuma chakavu akatoa pikipiki nzima kwa vyuma chakavu? Kamande akahisi wivu ukimpanda. Mwizi yule naye alikijua kitufe!

Jackie aliporudi, miwani ilikuwa imeshavuliwa.

"Pole, siste. Motherboard."

"Na hizo zingine?"

"Ni ugonjwa mmoja. Zilinunuliwa pamoja, zimekufa pamoja."

"Hata hujaziwasha, daktari. Si ungejaribu tu moja?"

Hapa inafaa tumwonee huruma, japo kidogo. Mikono ilimwasha. Lakini akiwasha ya pili mbele ya mwenyewe nayo ionyeshe uhai, bei ingefufuka pamoja nayo. Baada ya kutangaza msiba huwezi tena kumpima marehemu mapigo ya moyo.

"Zimekufa zote, nakwambia. Lakini mimi natafuta vipuri. Huyo jamaa anakupea pikipiki gani?"

"Ya kawaida tu. Imechoka, inamwaga oil."

Kamande akameza mate. "Mimi nakupea mpya. Iko na nailoni."

Jackie alienda dirishani, akamtazama Malkia pale chini akimeremeta. "Hiyo nyekundu? Aii, daktari, hiyo ni mingi kwa scrap. Dhamiri itanisumbua."

"Wacha isumbue."

"Sawa. Lakini bosi wangu ni wa maswali mingi. Hebu sema hapa kwa simu nirekodi, asikie ni mtaalamu ameongea."

Kamande hakuwahi kukataa kusikika. Akakohoa, akaisogelea simu. "Mimi Daktari Kamande nimekagua laptop zote, moja baada ya nyingine, nikathibitisha zimekufa kabisa. Nazichukua nikijua hivyo. Amina." Hiyo amina aliiongeza kwa hiari yake.

Wakapeana namba, na pikipiki ikahamishwa jina kwenye simu palepale. Jackie alikuwa mlangoni alipogeuka. "Hii ya juu niachie, tafadhali. Nimeizoea. Nitaiweka tu kwa meza kama kumbukumbu."

Ilimuuma. Lakini ni mwanamume gani anayegombania maiti na mfiwa? "Chukua, siste," alisema. "Mimi si mtu wa roho mbaya."

Kutoka dirishani alimwona kijana mwenye helmeti akimpokea Jackie na kumwasha Malkia. Malkia alipopinda kona, Kamande akajipangusa uso na kuwageukia wafu wake kumi na mmoja.

Wa kwanza hakuwaka. Wa pili hakuwaka. Akabadilisha chaja, akabadilisha soketi, akabonyeza F11 mpaka kidole kikauma. Mwishowe akachukua bisibisi, akaifungua moja. Ndani kulikuwa na tope la kijivu lililokauka vizuri, na juu ya tope, pale diski ilipopaswa kuwa, gamba la konokono mdogo.

Akapiga simu. "Jackie! Hizi vitu zimejaa matope!"

"Ni za Kihoto, huko Naivasha kando ya ziwa, daktari. Ziwa liliingia kwa cyber ya auntie. Nimeziosha vile nimeweza."

"Umeniibia!"

"Aje sasa? Si wewe ulisema zimekufa? Hata nilikuomba uwashe moja."

"Na ile ingine? Ile ilikuwa nzima!"

"Ile ni yangu." Sauti haikuwa na mzaha tena. "Iko na doa ya cutex nyekundu ya kucha kwa tundu ya chaja. Nilikuletea nikiwa college. Mamangu aliuza ng'ombe ndio ainunue. Ukaniambia tunazika, na project yangu yote ilikuwa ndani. Nililia kwa hizo ngazi zako, nikarudia mwaka. Juzi naiona kwa desk ya mwenzangu kazini, Karagita, ati mpya kutoka Dubai. Nikainunua tena, nikaiharibu kidogo, ndio uifufue."

Kamande alipekua kumbukumbu zake akitafuta msichana aliyewahi kulia kwenye ngazi. Aliwapata wengi.

"Naenda polisi," alisema, bila nguvu.

"Enda na hii basi." Simu ikalia mlio mfupi: alikuwa ametumiwa sauti yake mwenyewe, na amina yake. "Na kitu ingine, daktari. Ndugu yangu Kihara anaanza boda kesho, na anasema hii kiti inachoma."

Kisha akasikia mchakacho mrefu, wa kitu kinachobanduliwa taratibu kutoka upande mmoja.

"Usitoe!" Kamande alipiga kelele. "Jackie, nakuomba, usitoe nailoni!"

Ilitoka yote. Alibaki ameishika simu sikioni, akiwa katikati ya maiti zake, asisikie hata ngazi. Kuna mtu alikuwa akipanda mbio, na mlango ulikuwa wazi.