Mwaka wa Nyongeza wa Kalenda

Habari iliyowasha moto siku hiyo ilikuwa barua moja tu. Maren Tollefson aliiweka mezani katikati ya vikombe, kwenye mkahawa ulio chini ya maktaba ya chuo, akakaa bila kuvua koti. Pale mezani walimwita Kalenda, maana hata siku ya kujifungua aliipangia rangi kwenye ratiba yake.

"Nimeongezewa mwaka kabla ya kupimwa kwa ajira ya kudumu," alisema. "Kwa ajili ya mtoto."

"Hongera," alisema Profesa Wozniak, waliyemwita Fotnoti, yaani tanbihi, kwa kuwa kila neno lake lina nyongeza. "Sasa mbona umenuna?"

"Soma aya ya pili."

Barua ilinyakuliwa na Lorraine, katibu wa idara, maarufu kama Bi Kanuni. "Ahaa. Muhula wa kutofundisha hutolewa baada ya tathmini ya katikati. Wamekusogezea mwaka wa kupimwa, tathmini imesogea, na muhula wako umefuata nyuma. Si Januari hii tena. Ni ile ya mwaka unaofuata."

"Mchapishaji anataka mswada wa kitabu changu Mei hii," alisema Maren. "Yeye hakuongeza hata siku. Nikikosa kitabu, huo mwaka wa nyongeza nitautumia kutafuta kazi kwingine. Na Januari watanipa somo la utangulizi, saa mbili asubuhi. Jamani, nilimwomba Mungu anipe muda."

"Amekupa," alisema Fotnoti. "Hukumwambia wa lini."

Maren alicheka bila kutaka.

"Wewe nyamaza," Bi Kanuni alimgeukia Fotnoti. "Umepumzishwa kufundisha tangu Agosti mpaka Mei, na kila siku uko hapa na kahawa. Kitabu chako cha mifereji kimefika wapi?"

"Niko kwenye shukrani."

"Shukrani si huandikwa mwisho?"

"Mimi naanza na watu."

Bi Kanuni alikunja barua polepole. "Kuna kifungu kule mwisho wa kanuni za idara, hakuna anayekisoma. Walimu wawili wa idara wanaweza kubadilishana mihula ya kupumzika, mkuu wa idara akisaini kabla ratiba haijafungwa. Inafungwa leo saa kumi na moja."

Maren aliinamia mkate wake. Hilo halikuwa jambo la kumwomba mtu, akamwomba Mungu kimoyomoyo.

Fotnoti alikohoa. "Wanafunzi wangapi?"

"Mia mbili na wanne," alijibu Bi Kanuni.

"Saa mbili asubuhi?"

"Nusu yao husinzia."

"Basi tutaelewana." Alimaliza kahawa, akavaa kofia yake ya sufu. "Chukua Januari yangu, Kalenda. Mimi nitachukua yako ikifika. Twende tukasaini kabla sijapata akili."

Maren alisimama, machozi yakimlengalenga. "Na kitabu chako, Profesa?"

"Nacho," alisema Fotnoti, akimfungulia mlango, "kimeongezewa mwaka."