Miguu Minne ya Marehemu Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetoa ahadi mezani. Mbele ya mama, dada na shemeji. Hakuna kurudi nyuma.

Jumapili kaka anatimiza mwaka tangu tumzike. Makaburi yako juu kilimani, njia ni mawe matupu, gari halipandi, na magoti ya mama yamegoma tangu msiba. Hajaliona kaburi la mwanawe tangu lilipokuwa udongo mbichi. Shemeji, mume wa dada, fundi umeme ambaye wote tunamwita Waya, akapendekeza vijana wambebe mama kwenye kiti. Mama akajibu kwamba yeye atabebwa mara moja tu, na siku hiyo hatakuwa na la kusema. 

Hapo nikaona nafasi. Miguu Minne! Pikipiki ya kaka ya magurudumu manne, aliyokuwa akipanda nayo kilimani kutengeneza mabomba ya maji. Mwaka mzima imelala bandani chini ya turubai. Kaka hakuwahi kuoa. Alikuwa na Miguu Minne. Nikatangaza kwamba nitaiwasha mwenyewe, bila fundi, na Jumapili mama atapanda kama malkia. Mama aliniangalia muda mrefu. Akasema sawa, ila kwanza niioshe.

Niioshe! Mgonjwa yuko mahututi, mtu anataka aogeshwe.

La moyoni sikulisema. Dada anataka mashine apewe Waya. Lakini nikimfikisha mama kaburini, nani atathubutu kuninyima? Kumbukumbu na urithi, safari moja.

Nimefunua turubai. Matope ya kaka bado yamekauka kwenye bampa na chini ya mabawa ya magurudumu. Nimebonyeza kitufe. Tk. Basi. Betri imekufa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima betri ya gari la Waya, bila kumsumbua kwa kumwomba. Nimeunganisha waya mwekundu na mweusi. Au mweusi na mwekundu. Banda lilikuwa na giza.

Cheche! Harufu ya mpira ulioungua. Kisha ukimya mkubwa. Sasa kitufe hakisemi hata tk.

Waya naye kachelewa kazini kwa sababu gari lake halikuwaka. Alikuja bandani, akaiona betri yake sakafuni, akaibeba. Mlangoni akageuka, akasema niangalie fyuzi. Nikamjibu kwamba sipokei ushauri wa mtu mwenye maslahi.

Alipoondoka nikaangalia fyuzi. Imeungua. Sikuwa na nyingine, nikaziba kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Moshi tena. Jioni nikanunua fyuzi halisi, dukani mbali na hapa, ili habari zisimfikie Waya.

Jumatano, 5 Machi

Betri ya Miguu Minne imerudi kutoka kwa mchajishaji ikiwa na nguvu. Nimesugua vichwa vyake mpaka uchafu wa kijani umetoka. Nikabonyeza. Kwe-kwe-kwe-kwe! Injini inazunguka! Nikapiga kelele nyumba nzima ikaja.

Inazunguka lakini haishiki. Kwe-kwe-kwe, basi. Dada akasema hongera, imejifunza kukohoa.

Nikawaeleza kwamba tatizo ni petroli. Petroli ya mwaka mzima inanuka kama rangi ya mlango. Nikaimwaga yote kwenye ndoo. Nikafungua kabureta, nikapuliza kila kitundu, nikafunga. Imebaki springi moja. Kiwandani huweka za ziada, nadhani.

Ndoo kumbe ilikuwa ya kupigia deki. Dada hakunusa, akapiga deki jikoni. Chakula cha mchana tumekula uani, tena cha baridi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasha jiko. Dada hasemi nami. Mama akaniuliza, kwa upole, kama nimeiosha. Nikamwambia mama, mambo ya injini yako ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzito.

Nimefungua boksi la chujio la hewa. Ndani kuna kiota cha panya. Nikakivuta kwa bisibisi, nikiwatukana panya, hadi nilipoona kimefumwa kwa nyuzi za sufu ya bluu. Kofia ya kaka. Ile ya kuvaa asubuhi za baridi akielekea kwenye matangi. Tuliitafuta wakati wa msiba tukadhani imeibwa.

Nikakaa chini. Panya hawakuwa wamemaliza yote. Kipande cha ukingo kilikuwa kizima. Nikakiweka mfukoni. Sikuwaambia wenzangu.

Baadaye nikatoa plagi. Nyeusi tii. Nikaweka mpya, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikabonyeza nione cheche. Hakuna cheche. Nikajaribu plagi ya pampu ya maji ya jirani (atarudishiwa). Hakuna. Nikageuza ile swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, kulia, kushoto, kulia. Hakuna. Umeme unafika kwenye stata inayozungusha injini, lakini kwenye plagi haufiki. Unapotelea wapi? Nimefuata kila waya unaoonekana.

Nikameza kiburi. Nilimwendea Waya na kumuuliza, kwa mtindo wa kumpima ujuzi, yeye angefanya nini. Akatazama viatu vyake. Akasema hawezi kuniambia. Nikamuuliza hawezi au hajui. Akasema aliapa.

Aliapa! Tangu lini mafundi umeme wanaapa kama madaktari? Wivu wa kazi, hakuna kingine. Dada aliyekuwa akianika nguo akaingia ndani haraka, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa akicheka au akilia.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya. Injini ya nini? Magurudumu yapo manne, kamba ipo, mimi nipo. Mama atakaa, nami nitavuta.

Nikafanya jaribio na magunia mawili ya mchanga badala ya mama. Nilifika jiwe la kwanza. La pili. Kamba ikakatika. Miguu Minne ikarudi nyuma yenyewe, polepole, kisha si polepole, ikabomoa banda la kuku na kusimama. Kuku wote wazima. Breki nilikuwa nimepanga kuzikagua baadaye.

Niliporudi uani mama alikuwa amekaa kizingitini, gauni lake jeusi lililopigwa pasi likiwa mapajani. Aliona kila kitu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kesho kutakuwa na jua. Hicho ndicho kilichonimaliza. Kaka asingetoa ahadi hii bure. Kaka hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akisema nakuja na unamwona kafika.

Nikairudisha Miguu Minne bandani, nikafunga mlango, nikalia. Naandika haya kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kabla ya magharibi Waya akaja na spana zake bila kuitwa. Akakaza breki. Akafungua kabureta, akanyoosha kiganja bila kunitazama. Nikatoa springi mfukoni, nikampa.  Alipomaliza nikamwomba, nikamsihi, aniambie cheche iko wapi. Akasema, shemeji, kamuulize mama.

Mama! Mama hajui hata gia ni nini.

Jumapili, 9 Machi

Tumefika. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mama akaja bandani na gauni jeusi, fimbo, na maua ya uani. Nikaanza maelezo yangu kuhusu koili inayozalisha cheche. Akaninyamazisha. Akasema nigeuke ukutani.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia kwa sauti ile ya utotoni: geuka ukutani, na usichungulie. Nina mvi kichwani! Nikageuka. Nikamsikia anainama kwa taabu, magoti yanalia. Kitu kikasema tik. Akasema, haya, bonyeza.

Nikabonyeza. Miguu Minne ikawaka mara moja, kama kwamba kaka alikuwa ameizima jana.

Tulipanda taratibu. Mama nyuma yangu, mikono yake imenishika kiunoni. Breki ziliitika kila jiwe. Juu kulikuwa na upepo. Nyasi zimeota kaburini. Mama akakaa chini, akazing'oa moja moja, nikamsaidia. Kisha akaweka maua, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema: sijamwambia, mwanangu. Nilimgeuza ukutani.

Nikataka maelezo.

Kumbe ni habari ya bwawa. Miaka ile nilipoazima Miguu Minne nikatumbukia nayo bwawani, maana bwawa lilikuwa mahali ambapo juzi yake halikuwapo, kaka hakunigombeza. Alimwita Waya, akaweka swichi ya siri ya kukata cheche, akamwapisha Waya, akamwapisha dada, akamwapisha mama. Nyumba nzima! Mama alisema kaka aliwaambia hivi: mdogo wangu asiambiwe hata nikifa. Mwenye kuitunza ataiona mwenyewe.

Basi wiki nzima mama alinitazama nikibadilisha plagi, akijua. Nilimuuliza ilikuwaje akaweza kuvumilia, yeye mwenyewe akitaka kufika huku kuliko sisi sote. Akasema kiapo alichompa mtoto aliye hai angeweza kukivunja, wangegombana, wangepatana. Huyu hawezi tena kupatana naye. Kwa hiyo alingoja, akiomba niione mwenyewe.

Nilikasirika. Nakiri, mbele ya kaburi nilikasirika. Mtu yuko chini ya ardhi na bado ananifungia mlango! Kisha nikatoa mfukoni kile kipande cha kofia ya bluu, nimwoneshe mama panya walichofanya. Alikishika mashavuni. Akalia, nami nikalia, na hasira sikuiona ilikokwenda. Hakuna aliyewahi kunijua kama kaka alivyonijua. Inauma, na nimemkumbuka.

Tukateremka. Uani mama akaniambia niizime, nigeuke ukutani. Tik. Akasema kuanzia leo atakuwa anapanda kila Jumapili, na dereva ni mimi. Kuhusu urithi, mashine haitapewa Waya. Itakuwa ya atakayeijua swichi bila kuambiwa. Akaitazama Miguu Minne, matope mapya juu ya matope ya zamani, akasema kesho niioshe.

Jumapili, 16 Machi

Wiki ya fikra.

Mwenye kuitunza ataiona mwenyewe. Nimelitafakari neno hilo. Jumatatu nikaitunza: nikaifunika blanketi langu badala ya turubai. Sikuona kitu. Jumanne nikalala bandani kuilinda. Jumatano nikazungumza nayo. Alhamisi nilimnunulia Waya soda mbili na kumuuliza maswali ya kuzungukazunguka. Akanywa zote mbili na kuongea habari za mvua. Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akasema huo msemo unanihusu mimi.

Ndipo akili ikafunguka. Kioo! Leo kabla ya mama kuja nimetundika kioo cha kunyolea ukutani, usawa wa macho, nikakiegemeza kidogo upande wa mashine. Mama akaja. Geuka ukutani. Nikageuka kwa utii mkubwa.

Nikaona yote. Banda, mlango, Miguu Minne, mama. Hakuinama mara moja. Kwanza aliweka kiganja juu ya kiti, pale kaka alipokuwa akikaa, akakipapasa kama anavyopapasa kichwa cha mtu mwenye homa. Akasema jambo, midomo tu, bila sauti. Sijui ni nini. Nikainamisha macho. Nilishindwa kutazama. Nilipoyainua tena, tik ilikuwa imeshapita na mama amesimama, anafuta vidole vyake matope kwa kitambaa.

Tukaenda, tukarudi. Kaburi sasa ni safi. Mama anacheka zaidi, hata njiani alinipiga mgongoni nipunguze mwendo.

Lakini kioo kilikuwa kidogo, hilo ndilo kosa la kiufundi. Wiki ijayo nitahamisha kile cha kabati la dada. Nimeshapima ukuta.

Jioni mama amepita mlangoni na ndoo ya maji na brashi, akaviweka karibu na gurudumu la mbele, akaniuliza kama leo angalau naweza kuiosha. Nikamwambia mama, tafadhali, niko kazini, natafuta swichi.