Habari za Makarius, Gari Lake Jeupe na Taa ya Juu ya Breki

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mliosimama; aliye shambani Magole na atue jembe, apandaye baiskeli Zombo na ashuke, kwa kuwa habari hii haisikilizwi kwa kupita. Ni habari ya Makarius wa Kilosa, bwana wa mashine ya kukoboa mpunga, mjukuu wa mkata katani, na ya vita vitatu alivyopigana ili gari lake libandikwe stika ya usalama barabarani, karatasi isiyozidi kiganja cha mtoto.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, refu, la kifahari, alilouziwa na mkandarasi aliyemaliza kazi akarudi kwao. Paa lake lilifunguka ili abiria atazame mbingu, na viti vyake vilipasha joto makalio, neema ambayo Kilosa hakuna aliyewahi kuililia. Siku lilipoingia uani, Mama Magreti, mkwewe Makarius, bibi wa sindano isiyolala, alilizunguka mara moja akalitazama kwa huruma.

"Liko uchi," akanena.

Haukupita mwezi gari likawa limevikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono: vitini, juu ya dashibodi, juu ya redio. Baadaye kikaongezeka kimoja chenye maua mekundu, kizito kama taulo, kilichopachikwa juu kabisa kwenye kioo cha nyuma. Na kitu kilichowekwa na mkwe, nani mwenye mkono wa kukiondoa? Makarius alivipangusa vumbi tu, kwa heshima zote.

Basi ulipowadia msimu wa ukaguzi, shujaa wetu alilipeleka gari lake uwanjani kwa mwendo wa maringo. Huko alisimama Afande Doris, mkaguzi wa magari, mwenye kalamu nyekundu na maneno machache. Alikagua tairi, akasikiliza honi, akaamuru breki zikanyagwe, kisha akaandika: taa ya juu ya breki haifanyi kazi. Makarius alirudi nyumbani bila stika. Nyuma yake pikapu ya Mudi jirani yake, mkweche wenye mlango wa rangi ya bluu na mwili wa rangi ya kutu, ilipita mara moja tu na kubandikwa stika yake, ikaondoka inakohoa.

Kwa vita vya pili aliitwa fundi kutoka Morogoro, aliyekuja na kompyuta. Kompyuta ikasema gari ni zima. Fundi hakuiamini, akakiondoa kile kitambaa chenye maua, akabadilisha taa, akabadilisha waya, akajaribu, taa ikawaka mpaka kuku wakashtuka. Ndipo, kwa adabu aliyofunzwa kwao, akakirudisha kitambaa mahali pake na kukinyoosha vizuri. Kesho yake Afande Doris aliandika maneno yale yale.

Hapo Makarius akaonja uchungu. Maana Jumapili kitukuu wa Mama Magreti alikuwa anabatizwa Mikumi, naye Makarius alikwisha kuapa mbele ya ukoo mzima kwamba bibi hatapanda chombo kingine ila gari lake. Mudi, jirani mwema kupita kiasi, alishafika kumpoza.

"Mzee Makarius, usijali. Napeleka vitunguu vya Lumuma Mikumi hiyo hiyo Jumamosi. Nafasi ya mbele ipo, mama nitamfutia kiti."

Makarius hakulala vizuri. Alimwona mkwewe akishuka Mikumi mbele ya mashemeji wote, ananuka vitunguu, na roho ikamuuma kwelikweli.

Jumamosi asubuhi akaenda vita vya tatu, na safari hii bibi mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, kitenge kipya, kikapu mapajani, pembeni yake bintiye Editha, mke wa Makarius. Mudi alikuwa ameegesha ng'ambo, injini inanguruma, anasubiri matokeo. Afande Doris akapita tena: indiketa, waipa, mtungi wa kuzimia moto.

"Kanyaga breki."

Makarius akakanyaga kwa nguvu za babu zake wote. Afande akaenda nyuma, akakisogelea kioo, akakinga macho kwa kiganja, akachungulia muda mrefu. Kisha akarudi dirishani na kushusha sauti.

"Mzee, taa yako inawaka vizuri sana. Imevaa nguo."

Jasho likamtoka Makarius mgongoni, na kiti hakijawashwa. Akamtazama mkewe kwenye kioo cha ndani. Editha akageuza uso akayatazama mawingu, maana hata yeye hakuutaka mzigo ule. Makarius akakumbuka methali isemayo mficha uchi hazai, akaona si ya kumtamkia mkwe, akaimeza. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akainama.

"Mama," akanena, "wewe uliyenipa mke na ukalivika gari langu lilipokuwa uchi, mimi mwanao si mtu wa kudharau kazi ya mikono yako. Ukiniambia niende Mikumi kwa miguu huku nimekibeba kitambaa kile kichwani, nitakwenda. Lakini serikali inaomba, si mimi, mama, ni serikali, inaomba kuiona taa iliyo nyuma yake."

Mama Magreti akageuka nyuma polepole.

"Hicho? Nilikitundika siku tunatoka kanisani, jua lilinichoma shingo. Mimi nashangaa miezi yote hii, baba Kelvin, mbona hamkitoi mkakifua."

Akanyoosha mkono akakichomoa mwenyewe. Breki ikakanyagwa, taa ikawaka nyekundu mbele ya umati, yaani mbele ya Mudi na wanunuzi wawili wa mkaa. Stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele. Mudi akazima injini, akavua kofia, akampa Makarius mkono wa pongezi, na siku ile ikaingia katika kumbukumbu za Kilosa kuwa ndiyo siku gari la kifahari lilipoifikia pikapu.

Mama Magreti akahamishiwa kiti cha mbele kwa heshima ya ushindi. Wakaipita Zombo, Makarius anaimba, Editha anaitikia, bibi akasinzia. Kwenye lango la mji wa Mikumi, askari wa barabarani akawasimamisha, akalizunguka gari, akarudi dirishani.

"Gari zuri, mzee. Stika iko wapi?"

Makarius akaonyesha kwa kidole, bila hata kutazama, kwa fahari ya mshindi. Askari akaendelea kungoja. Ndipo Makarius akatazama. Pale kwenye kioo, juu ya stika, palikuwa na maua mekundu yaliyonyooshwa vizuri, ili isipauke kwa jua.

Akazima gari. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akainama.

"Mama," akaanza.