Ndege Isiyo na Jina Haijafika

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Queensland na kwa majeshi yote rafiki kwamba, kuanzia leo, hakuna ndege ya adui itakayoruhusiwa kutushambulia kabla haijapewa jina na Kamati yetu."

Tangazo hilo la mwaka 1943 nililiandika mimi, Koplo Clem Doolan, Katibu wa Kamati ya Majina. Lisome kwa sauti, utasikia mizani. Ushairi nilijifunza mwenyewe machungani, nikiwakariria kondoo. Hawakuwahi kulalamika.

Utaratibu ulikuwa safi. Ndege za kupigana angani zilipewa majina ya kiume, za mabomu majina ya kike. King'ora kilipigiwa ndege yenye jina tu, kwa sababu fomu ya king'ora ina nafasi ya jina, na nafasi wazi ni utovu wa nidhamu.

Likaja dege jipya la mabomu: tumbo kubwa, mwendo wa kujikokota, kelele nyingi. Nikapendekeza Edith.

"Mama mkwe wangu huyo!" akafoka Kamanda Wilmot, mwenyekiti wetu.

Mavis? Shangazi yake meja. Gladys? Kapteni akatokwa na machozi. Posa yake ilikuwa haijajibiwa. Tulikaa vikao kumi na vinne. Viwili nilivikwamisha mimi, maana sikupata kina cha Joyce.

Dege, kwa kutojua kanuni, liliendelea kuja kila asubuhi wakati wa chai. Siku ya tatu likabomoa ghala la bia. Kamati ikasimama kimya kwa dakika moja.

Siku ya nne akapiga simu Merle Tregear, mlinzi wa anga kule kilimani.

"Clem, lile linakuja tena. Piga king'ora!"

"Jina?"

"Mama yangu anafua nguo pale gatini, wewe! Masikio yake mazito, king'ora tu ndicho anachosikia."

"Pole, dada. Lakini fomu..."

"Fomu ikunje uimeze! Na lile shairi ulilonitumia Jumapili lilikuwa bovu."

Hilo liliniuma kuliko vita.

Bomu likaanguka uani kwetu. Vioo vikamwagika. Kamanda alikuwa tayari chini ya meza, na kikombe chake.

"Piga king'ora, mpumbavu!"

"Jina, afande?"

"Lolote!"

Merle alikuwa bado kwenye simu. "Andika Wilmot," akasema. "Tumbo kubwa, mwendo wa kujikokota, kelele nyingi."

Nikaandika. Nikasukuma fomu chini ya meza. Mkono ukatokeza, ukasaini, ukarudi. King'ora kikalia, na Mama Tregear akajitupa handakini na kikapu chake cha mashuka mabichi, mzima wa afya.

Kesho yake Kamanda alikuja na ile fomu, akaibwaga mezani kwangu. "Futa!"

"Kanuni ya saba, afande. Jina halifutwi mpaka Kamati nzima ikubali jingine."

Akaitisha kikao. "Basi liitwe Edith," akasema kwa sauti ndogo.

Wote wakakubali isipokuwa mimi. Wilmot lilikuwa limeshaingia kwenye beti zangu, tena kwa vina.

Ijumaa ikaletwa taarifa ya marubani, inayohitaji saini ya mwenyekiti: "Wilmot amedunguliwa. Ameangukia mikokoni, tumbo juu. Mji mzima unacheza."

Kamanda alisaini mara mbili. Mara ya kwanza kalamu ilitoboa karatasi.